Kigari cha mtoto cha 1926 ambacho wapenda magari wamekataa kife

HUENDA gari la kwanza uliloendesha maishani lilikuwa la waya. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu au vipande vya ndara iliyokatika, usukani ulikuwa mrefu wa kukufika kifuani, na injini ilikuwa mdomo wako mwenyewe: vruuum hadi dukani na kurudi, sukari ikiwa imemwagika nusu.

Sasa fikiria mtoto wa miaka minne ambaye baba yake ni Ettore Bugatti.

Mwaka wa 1926, katika mji wa Molsheim, eneo la Alsace nchini Ufaransa, Ettore na mwanawe mkubwa wa kiume, Jean, walimuundia kitinda mimba Roland gari lake. Lilikuwa nusu ya ukubwa wa Type 35, gari la mashindano ambalo kampuni yao ilikuwa imeliingiza barabarani kwa mara ya kwanza kule Lyon mwaka wa 1924. Nia ilikuwa kuunda moja tu, zawadi ya siku ya kuzaliwa, basi. Lakini wateja waliofika kiwandani walikiona kile kigari, na unajua tena watu wenye pesa wakiona mtoto wa mwenzao ana kitu ambacho wa kwao hana. Kuanzia 1927 hadi katikati ya miaka ya 1930 viliundwa takriban 500, vikaitwa Type 52, au Baby kwa jina la mapenzi.

Na hapa ndipo utashangaa: kilikuwa cha umeme. Betri, mota ya volti 12, na mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa. Karibu miaka 100 kabla ya wewe kuona bodaboda ya umeme ikikupita Thika Road bila kelele, mtoto wa Molsheim alikuwa akifanya vivyo hivyo uani kwao.

Hakikuwa cha kuchezea tu kwa maana ya plastiki unayopanda kwenye mall siku ya Krismasi, Sh200 kwa dakika chache, mama akikimbia nyuma na simu. Kilikuwa gari kamili lililopunguzwa. Magurudumu yake ni ya alumini yenye spoku nane pana, rejeta ina umbo la kwato la farasi, na breki zipo. Hiyo ndiyo sababu watu wazima wenye ndevu wanakililia hadi leo.

Tatizo ni kukipata. Vile vya asili vimebaki mikononi mwa majumba ya makumbusho na matajiri, na vikifika mnadani huuzwa kwa makumi ya maelfu ya euro. Mnamo 2019 Bugatti wenyewe walitangaza kukirudisha, kwa jina Baby II, 500 tu, bei ikianzia euro 30,000 kabla ya kodi. Hiyo kwa pesa zetu ni zaidi ya Sh4 milioni. Kwa gari ambalo huwezi kwenda nalo kazini.

Kwa hivyo kumebaki njia moja, nayo ni watu wa kawaida kukaa pamoja na kukiunda upya wenyewe, jioni baada ya kazi na siku za Jumamosi. Ulaya na Marekani wapo wanaofanya hivi kwa Bugatti na kwa vigari vingine vya zamani. Wengine hata walianza na kitu chepesi zaidi: Uingereza kuna michoro iliyouzwa miaka mingi ya Land Rover ya watoto, jina lake Toylander, ambayo bodi yake ni plaiwudi na mtu yeyote mwenye msumeno na subira anaweza kuikata nyumbani.

Mbona wafanye pamoja, si kila mtu kivyake? Jibu liko kwenye gurudumu.

Huwezi kuingia duka la vipuri uulize rimu ya Baby Bugatti. Lazima uisubu. Kwanza seremala anachonga mfano wa mbao, gurudumu zima na spoku zake nane. Anauchonga ukiwa mkubwa kidogo kuliko gurudumu lenyewe, kwa sababu alumini ikipoa hunywea, kama milimita 13 kwa kila mita. Asipojua hilo, gurudumu linatoka dogo na kila kitu kinachofuata hakitoshei. Kisha mfano unashindiliwa kwenye mchanga wenye unyevu, unatolewa taratibu, na alumini iliyoyeyushwa kwa nyuzi 660 na zaidi inamiminwa kwenye lile shimo. Ikipoa, mchanga unavunjwa, na fundi wa leth anasawazisha katikati na ukingo.

Kazi ngumu ni ule mfano wa mbao. Unachukua wiki, na ni ghali. Lakini ukishakuwepo, kusubu magurudumu manne au 40 ni mfano ule ule. Mtu mmoja akibeba gharama hiyo peke yake, gurudumu linamshinda. Watu kumi wakichanga, kila mmoja anapata seti yake bila kuuza ng'ombe. Ni chama, kwa lugha yetu, ila badala ya kupeana pesa kwa zamu mnapeana magurudumu.

Vivyo hivyo na kipimo. Mmoja wao anaomba kukaa na kigari cha asili kwa siku mbili. Hakifungui ovyo. Anapiga picha akiwa ameweka rula kando, anakata kadibodi kufuata mikunjo ya bodi, anaandika kila umbali kati ya tundu na tundu. Mwingine anageuza karatasi hizo kuwa mchoro kwenye kompyuta. Kuanzia hapo mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kukiona kigari hicho kwa macho, anaweza kuanza kukata bati.

Na ugomvi haukosekani. Kuna wale wanaotaka kila nati iwe kama ya 1926, na kuna wale wanaosema mtoto wangu ndiye atakayekaa humo, mimi naweka breki za kisasa. Mimi niko na hawa wa pili, lakini wale wa kwanza wana hoja: ukibadilisha vitu vya kutosha, unakuwa na kigari kingine kabisa chenye rejeta ya Bugatti. Kibaya kuliko ugomvi huo ni mtu anayekalia michoro. Kila kundi la aina hii huweza kumpata: amepima, amechora, halafu hataki mwenzake aione. Akihama au akifariki, miaka ya kazi inaenda naye, na wengine wanaanza tena na kadibodi. Ndiyo maana waliojanja huweka nakala kwa watu watatu au wanne tangu siku ya kwanza.

Sasa geuza macho nyumbani. Pita Kamukunji asubuhi uone watu wanavyokunja bati kuwa sanduku, jiko na karai bila mashine ya maana zaidi ya nyundo na reli. Nenda kwa wanaosubu sufuria kwa alumini chakavu. Pita gereji yoyote uone kijana akichomelea chesisi ya tuktuk. Kila ujuzi ambao Baby inadai tayari unauzwa mtaani, kwa bei ya kuelewana. Kinachokosekana ni watu wanne au watano wa kuuketisha mezani.

Si lazima hata kiwe Bugatti. Unaweza kupunguza Peugeot 504 ile ya mzee iliyooza nyuma ya nyumba, au Land Rover ya chifu uliyoipenda ukiwa darasa la tatu. Ila kabla hujakimbia kununua mota, soma hapa vizuri.

Usitumie stata ya gari. Kila anayeanza huiwazia kwa sababu ni ya volti 12 na ina nguvu. Stata imeundwa kufanya kazi kwa sekunde chache. Ukiiendesha dakika kumi itaungua, na betri itakuwa imelia mapema. Tafuta mota ya kitimaji cha umeme, au ya skuta ya umeme, watti 250 hivi. Mota hiyo kwa volti 12 hunyonya takriban ampea 21. Betri ya ampea-saa 35, ambayo hutakiwi kuimaliza zaidi ya nusu kama ni ile ya kawaida ya risasi, itakupa karibu dakika 50 za kucheza. Inatosha, hata mtoto mwenyewe atakuwa amechoka.

Halafu kuna giya. Tuseme gurudumu lako lina upana wa sentimita 30. Mzunguko mmoja ni sentimita 94. Ukitaka mwendo wa kilomita 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu mzima anayetembea kwa haraka, gurudumu linapaswa kuzunguka mara 106 kwa dakika. Mota yako huenda inazunguka 2,500. Ina maana unapunguza mara 24 hivi, na kwa mnyororo wa baiskeli hilo halitoki kwa hatua moja, panga mbili. Kilomita 15 za Roland waachie kina Roland.

Fyuzi ya ampea 30 ikae karibu kabisa na betri, si kwenye dashibodi, kwa sababu waya ukichunwa kati ya betri na fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka moto. Weka pia swichi kubwa nyekundu nyuma, mahali ambapo mtu mzima anayekimbia anaweza kuifikia. Breki zijaribiwe kwanza kwa gunia la mchanga lenye uzito wa mtoto, kwenye mteremko.

Mkimaliza, gongeni kibati chini ya kiti: mwaka, majina yenu, na neno nakala. Watu wa Bugatti wameona mengi kwa kukosa kibati hicho, mtu akiuziwa kazi ya gereji ya juzi kwa bei ya 1930.

Lakini hayo ni ya mbele. Jumamosi ya kwanza hamhitaji hata chuma. Mnahitaji kadibodi ya friji, tepu ya kupimia, na mtoto wa jirani akae juu ya ndoo, miguu ameinyosha, mpime kutoka mgongoni hadi kisiginoni. Hapo ndipo chesisi inapoanzia. Atauliza kama kitakuwa na honi. Mwambieni ndiyo.