Kibarua Kimeota Majani: Siku Utaimalizaje?

Saa kumi na mbili asubuhi. Macho yamefunguka yenyewe, kama kawaida. Unanyanyuka kutafuta ndoo ya kuogea, halafu unakumbuka: leo huendi popote. Jana bosi aliwaita ofisini mmoja mmoja, na wewe ulikuwemo. Kibarua kimeota majani!

Unarudi kitandani. Usingizi hauji. Nje mama anafagia uwanja, na leo hata ufagio unausikia kama unakusema.

Rafiki msomaji, kama hali hii imeshakukuta, hauko peke yako. Kila mtu anajua kwamba ukipoteza kazi unapoteza pesa. Wachache wanajua kwamba kuna vitu vingine vinaondoka pamoja nayo, na kwamba vitu hivyo ndivyo vinavyougusa mwili na akili yako.

KAZI INAKUPA NINI ZAIDI YA MSHAHARA?

Mwaka 1929 kiwanda cha nguo kilianza kufungwa katika kijiji cha Marienthal, nchini Austria. Karibu kijiji kizima kilikuwa kinakitegemea. Watafiti, akiwemo mwanamama Marie Jahoda, walikwenda kuona watu wanaishije, na mwaka 1933 wakatoa kitabu.

Ungedhani watu wenye muda wote huo wangesoma na kucheza sana. Wapi! Waliazima vitabu vichache kuliko zamani, wakaviacha vyama vyao, na wanaume wakawa wanatembea polepole, wanasimamasimama barabarani bila sababu. Ukiwauliza wamefanya nini tangu asubuhi, wengi hawakuwa na la kueleza. Wanawake hawakuwa hivyo, kwani kazi za nyumbani hazikuwaacha.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba mbali na pesa, kazi inampa mtu mambo matano: ratiba ya siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja na wenzake, heshima ya kujulikana yeye ni nani, na shughuli ya kuushughulisha mwili. Kazi ikiisha, yote matano yanakatika siku moja. Ndiyo maana unachoka bila kufanya kitu. Siyo uvivu huo!

MAMBO YA KUUA MUDA

Kujiliwaza si kosa. Akili inahitaji kupumzika. Lakini kila burudani ina bei yake, tuziangalie.

Kijiweni. Bao, drafti, kahawa na soga za Simba na Yanga. Uzuri wake, unakutana na watu, na michongo mingi husikika hapohapo. Ubaya wake ni pale unapofika saa tatu asubuhi na kuondoka usiku, na mazungumzo yote ni kulaumu. Nenda jioni, kama mtu aliyetoka kwenye shughuli.

Kubeti. Hapa tupige hesabu. Tuseme umechagua mechi 10, na kila moja una nafasi 70 kati ya 100 ya kupatia. Unaona mkeka umekaa vizuri! Lakini nafasi ya kupatia zote 10 ni kama 3 tu kati ya 100. Ukiweka shilingi 1,000 kila siku, mwezi unaisha 30,000 zimekwenda. Ukianza kukopa ili urudishe ulizoliwa, hiyo siyo burudani tena.

Pombe. Inakuletea usingizi haraka, lakini inauharibu. Saa nane usiku umeamka, moyo unadunda, mawazo yamerudi yote. Kesho yake roho iko chini zaidi. Tena ukilewa, ni rahisi kusahau kondomu.

Simu. Unakaa na bando unaangalia picha za uliokuwa unafanya nao kazi. Ukizima unajisikia vibaya kuliko ulivyowasha. Jiwekee saa maalumu ya kutafuta kazi mtandaoni, ikiisha weka chini.

MANENO YA NYUMBANI

Kinachouma zaidi mara nyingi si njaa, ni maneno. "Na leo nawe umeshinda hapa?" "Mwenzio wa jirani keshanunua bodaboda." Unatumwa dukani kama mtoto wa darasa la pili. Sabuni unaomba. Kama unakaa kwa shemeji, hata kubadilisha stesheni ya runinga unaogopa.

Wengine huamua kuficha. Wanavaa, wanaaga, wanazunguka mjini mpaka jioni. Siri hiyo inakula nauli ambayo huna, na kila ukirudi unatunga habari za kazini. Siku ikifichuka, aibu ni mbili.

Ni bora kusema mapema, kwa maneno machache, na useme kila kitu kwa pamoja. Kwa mfano: "Mama, nina jambo. Kazi imeisha tangu Ijumaa, tumepunguzwa. Nimebakiwa na shilingi 80,000. Mwezi huu sitaweza kuchangia kama zamani, lakini maji nitachota mimi na mchana nitakuwa natafuta. Naomba usinifiche ukiona naenda vibaya."

Anaweza kununa. Anaweza kulia. Lakini kesho yake hatakuuliza mbona hujaenda kazini, na mzigo huo utakuwa umeutua.

Na wewe mzazi, kaka au dada unayesoma hapa: kijana aliyeachishwa kazi anajua kwamba hana kazi. Huna haja ya kumkumbusha wakati wa kula.

MWILI UNAPOSEMA

Kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, hasira za haraka, kukosa hamu ya tendo la ndoa: haya yote huweza kuletwa na mawazo. Mengi hupungua mambo yakitulia. Lakini ona mhudumu wa afya kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku una huzuni, hufurahii hata vitu ulivyovipenda, hulali au unalala mno, huli, na unajiona huna thamani. Hiyo yaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa kama malaria, nao unatibika.

Ukianza kuwaza kujiua, usikae peke yako hata saa moja. Mwambie mtu leo, kisha nendeni hospitali. Rafiki akikwambia wewe, usimcheke wala usimwambie anatafuta huruma. Kaa naye, ondoa sumu na kamba karibu yake, mpeleke.

Na kama unatumia ARV, usiache dawa kwa kuwa huna kazi. Katika vituo vya serikali dawa hizo hutolewa bure.

WANAOKUJA NA "MSAADA"

Mtu aliyekwama hunuswa upesi. Dada anaambiwa, "Kazi ipo, njoo tuongee gesti." Hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja kuwa ni kosa. Usiende. Tunza ujumbe wake, kisha piga simu TAKUKURU namba 113. Wavulana nao hutakwa, na kwao ni kosa vilevile.

Mwingine atakuomba 50,000 ya "fomu na sare" kwa kazi ambayo hujaiona. Mwajiri wa kweli hakuuzii kazi. Akikimbilia namba ya kutumia pesa kabla ya usaili, huyo ni tapeli.

USILALE, SIKU ZINAHESABIWA

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakulinda. Kama unalipwa kwa mwezi, kwa kawaida unastahili notisi ya siku zisizopungua 28, au pesa badala yake. Kama umefanya kazi mwaka mmoja mfululizo au zaidi na hukufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, unastahili kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Dai pia malipo ya siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi.

Unaona umeachishwa kwa uonevu? Peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Vijana wengi huchelewa kwa sababu wiki za kwanza wamelala au wanamsubiri bosi abadili mawazo. Kama ulikuwa unakatwa NSSF, nenda uulizie fao la kukosa ajira. Usikubali kusaini karatasi ambayo hujaisoma.

JITENGENEZEE SIKU

Rudisha yale mambo matano, hata kwa kidogo:

1. Amka saa ileile uliyokuwa unaamka. Oga, vaa.

2. Asubuhi ni ya kutafuta. Andika sehemu ulizokwenda na uliyeonana naye. Geti likiwa na kibao cha HAKUNA KAZI, muulize mlinzi lini wanachukua watu.

3. Fanya kitu cha mikono kila siku: chota maji, lima mboga, msaidie fundi jirani ujifunze.

4. Tembea au cheza mpira nusu saa. Mwili ukichoka vizuri, usiku unalala.

5. Jiunge na kundi lenye lengo: timu ya mtaa, kwaya, madrasa, kikundi cha kuweka akiba.

6. Jioni, nenda kijiweni ukacheze bao lako kwa raha zako.

Kazi nyingine inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua mwaka. Lakini mtu anayeamka, anayekula, anayesema ukweli nyumbani na ambaye hajauza mwili wake wala kuuharibu, mlango ukifunguka atakuwa na nguvu za kuingia. Kibarua kimeota majani. Wewe usikubali kuota nayo!