Gunslinger: Mjane, Beji na Fununu za Reli

Ukiondoa farasi na bastola katika Gunslinger, filamu ya kauboi ya mwaka 1956, kinachobaki ni biashara ya ploti. Erica Page, mwenye baa katika mji wa Oracle, Texas, anasikia kwamba reli itapita huko, naye anaanza kununua ardhi. Reli ikija, atatajirika. Isipokuja, amepanga kuiba na kutoroka.

Sisi wa Matasia, tuliokulia kati ya Ngong na Kiserian, tunaijua hadithi hii. Reli ya SGR ya Nairobi hadi Naivasha, iliyozinduliwa Oktoba 2019, ilitoboa vilima vya Ngong kwa handaki la karibu kilomita 4.5 na ikapata stesheni Ongata Rongai na Ngong. Ukiwa ughaibuni na pesa kidogo za akiba, broka akikutajia stesheni, hesabu zako zote hubadilika.

Anayemzuia Erica ni Rose Hood, aliyeigizwa na Beverly Garland. Mumewe, mkuu wa usalama wa mji, anapigwa risasi. Kwenye mazishi Rose anamuua mmoja wa wauaji, kisha anaichukua beji ya marehemu. Ugomvi wake na Erica unahusu pia saa za kufunga baa (huyu mama ni Mututho wa Texas, yule mwanasiasa wa Kenya aliyebana saa za baa).

Filamu yenyewe ilipigwa kwa siku 6. Wafanyakazi wa filamu Hollywood walikuwa karibu kuhamia wiki ya kazi ya siku 5, na mwongozaji Roger Corman, bahili maarufu, alitaka kumaliza filamu moja zaidi ndani ya wiki ya siku 6 kabla mambo hayajabadilika. Mvua ikamnyeshea karibu muda wote. Garland aliteguka kifundo cha mguu. Allison Hayes, aliyeigiza Erica, alianguka kutoka kwenye farasi na kuvunjika mkono. Husimuliwa kwamba Corman alimpiga picha za uso kabla hajapelekwa hospitalini. Matope unayoyaona kwenye skrini si mapambo, na matukio mengine yanachekesha.

Johnny Guitar ya 1954 ni bora mno kuliko hii, sibishi. Lakini humo pia kuna mwanamke mwenye baa anayesubiri reli, Vienna wa Joan Crawford, naye ndiye shujaa. Katika Gunslinger, anayesubiri reli amegeuzwa kuwa adui, na ushujaa amepewa anayelinda mji. Kwangu mimi huo ndio ujanja wake.

Erica anamkodi muuaji, Cane Miro, amuue Rose, lakini Cane anampenda Rose. Filamu nyingi za enzi ile zingewaozesha. Hapa Rose anampiga Cane risasi. Mwaka 1957 Garland alivaa beji tena, safari hii ya polisi wa New York, katika mfululizo wa televisheni ulioitwa Decoy.