Chungu Motoni, Kauri Kabatini

Katika makumbusho ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, huonyeshwa vyungu vya pwani na vyombo vya kauri kutoka Uchina. Vyote ni udongo uliochomwa, ila kazi zao hazibadilishani.

Udongo mbichi ukikauka husinyaa, kwani maji hutoka na chembe zake husogeleana. Tanurini husinyaa tena. Kwa hiyo mfinyanzi huuchanganya na mchanga, ambao hausinyai, ili chungu kisipasuke kabla hakijaiva. Kikishachomwa hubaki na vinyweleo vingi. Ufa mdogo ukianza kwa joto la jikoni, hukwama humo.

Kauri huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,300 za Selsiasi. Husinyaa sana, vinyweleo huzibika, nayo huwa ngumu na haipitishi maji. Uzuri huo ndio udhaifu wake: makaa yakiigusa, sehemu moja hutanuka ghafla, nyingine bado baridi, na ufa hupita moja kwa moja.

Wakazi wa Mji wa Kale waliorithi sahani za kauri wanashauriwa wasizifukizie udi. Chetezo cha udongo kipo, na bei yake ni nafuu. Hata hicho, kikiwa cha moto, kisimwagiwe maji.