Je, Wajua? Kimeng'enya Kinachoamshwa na Chanjo

Baada ya chanjo, seli B, yaani chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, hukusanyika katika tezi za limfu, kama zile za kwapani, na humo huzalisha kwa wingi kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho hugeuza sitosini, mojawapo ya besi nne za DNA, kuwa urasili, na hivyo kuzusha makosa katika jeni za kingamwili. Makosa hayo, ambayo yakitokea penye jeni nyingine huweza kuchangia saratani, hapa yana faida kubwa, kwa kuwa seli ambazo kingamwili zake hunasa kijidudu kwa nguvu zaidi ndizo huendelea kuishi na kuongezeka. AID iligunduliwa mwaka 1999 katika maabara ya Tasuku Honjo, Kyoto, Japani.