Kiswahili cha Mkereza Vyuma: Tuliyojifunza Bandarini Bujumbura

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia ngeli, ushairi na ufundishaji wa insha. Safari hii tunawaomba wasomaji watuvumilie tuingie karakanani. Tulikwenda Bandari ya Bujumbura na wanafunzi wetu kukusanya msamiati wa wachukuzi na mabaharia, na kazi hiyo tuliifanya. Lakini kilichotukaa moyoni zaidi ni mazungumzo yetu na fundi mmoja wa jirani na bandari, mwenyeji wa Buyenzi, ambaye baada ya miaka mingi ya kukereza chuma kwa mkono alikuwa akijifunza kuandika programu za mashine inayoongozwa na kompyuta, ile iitwayo kwa kifupi CNC.

Kwanza tueleze kwa nini kazi hiyo inahitajika pale. Bandari ya Bujumbura hupokea vyombo kutoka Kigoma, Mpulungu na upande wa Kongo. Meli za Ziwa Tanganyika huishi maisha marefu. Mfano unaojulikana na wengi ni Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Zamani ilifika hadi Bujumbura. Chombo cha umri kama huo hakina duka la vipuri. Bushi ya mhimili wa rafadha ikilika, haiagizwi kwa simu. Lazima mtu achukue kipande cha shaba na kukikereza mpaka kilingane. Na kulingana huko si kwa kukadiria kwa macho. Tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele, yaweza kuamua kama bushi itakaa au italegea.

Neno kukereza si geni. Limo katika kamusi zetu tangu zamani, nalo maana yake ni kuchonga kitu huku kikizunguka. Miguu ya vitanda vya Lamu na Unguja ilikerezwa hivyo kwa miti. Fundi wetu lakini hakulitumia. Yeye mashine yake huiita turu, kutokana na neno la Kifaransa, akiwa ameliongezea irabu mwishoni kama ilivyo ada ya lugha yetu. Wanafunzi walikimbilia kuliandika neno hilo katika daftari, nasi tukawapongeza. Baadaye tuligundua kwamba tulikuwa tunapongeza jambo dogo.

Jambo kubwa lilijitokeza alipotusimulia mkasa wake. Alipoanza kujifunza alipewa maelezo yaliyoandikwa kwa Kifaransa, ilhali mwalimu alifundisha kwa Kiingereza na mashine ilikuwa na alama zake yenyewe. Katika maelezo, kipimo cha milimita hamsini kiliandikwa kwa mkato: 50,0. Kwenye vibonye vya mashine hakuuona mkato. Akaona sifuri ya mwisho haina kazi, akaandika X50 bila nukta. Mashine nyingi za aina hiyo zimewekwa hivi kwamba tarakimu isiyo na nukta huhesabiwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo mashine haikusoma hamsini, ilisoma 0.050. Kisu kilichotakiwa kusimama kando ya chuma kikaenda mbio kuelekea katikati yake. Kisu kilivunjika, bushi ikaharibika, na boti iliyokuwa ikiingojea ikakaa gatini siku tatu na shehena yake.

“Mwalimu,” akatuambia, “mimi chuma nakijua. Kuandika ndiko kulikonishinda.”

Wasomaji wataona kwamba kosa hilo ni la alama za uandishi. Sisi huwakata wanafunzi nusu alama kwa mkato uliokosewa.

Lugha inayotumika katika mashine hizi ina historia yake. Mwaka 1952 taasisi ya MIT nchini Marekani ilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi, kutokana na wazo lililoanzishwa na John Parsons. Mwishoni mwa miaka ile ya 1950 Douglas Ross na wenzake walitunga lugha ya APT, ili mtu aeleze umbo la kitu badala ya kuhesabu kila hatua. Amri zenyewe zilisanifiwa kimataifa mwaka 1982. Usanifishaji huo haukuondoa lahaja: kila mtengenezaji wa mashine ana mambo yake madogo madogo. Jambo hilo halitamshangaza yeyote aliyewahi kulinganisha Kiswahili cha Bujumbura na cha Unguja.

Sarufi yake ni finyu mno. Kila mstari ni sentensi ya kuamuru, na nafsi haitajwi kwa kuwa anayeamriwa ni mmoja tu. G00 ni kwenda mbio bila kukata. G01 ni kwenda moja kwa moja huku ukikata. G02 na G03 ni kwenda kwa mviringo, ya kwanza kwa kufuata mshale wa saa na ya pili kinyume chake. M03 huzungusha, M05 husimamisha, M30 hufunga mazungumzo. Herufi X na Z hutaja mahali, F hutaja mwendo wa kisu. Mwanafunzi mwenye bidii huyahifadhi haya kwa siku mbili. Yanayomchelewesha ni mengine, na hapo ndipo tulipojiona sisi walimu wa lugha tuna la kusema.

La kwanza ni amri inayoendelea. Ukiandika G01 katika mstari mmoja, mistari inayofuata haina haja ya kuirudia. Amri hubaki na nguvu mpaka nyingine ya aina yake iiondoe. Fundi alisema jambo hili lilimsumbua majuma kadhaa. Mmoja wa wanafunzi wetu akamjibu kwa mfano: “Alishuka bandarini na kununua ndagala na kurudi nyumbani.” Kununua lini? Kurudi lini? Kiambishi cha wakati kimo katika kitenzi cha kwanza tu, na vilivyofuata vimerithi. Fundi alicheka, kisha akaandika mfano huo ukutani kwa chaki. Hatari yake pia inaeleweka hapo hapo: ukiacha G00 ikiwa hai na kuandika mahali pa kukatia bila kuweka G01, kisu kitarithi mbio na kugonga chuma.

La pili ni sifuri. Mashine ina sifuri yake iliyowekwa kiwandani, na kipande cha chuma kina sifuri yake ambayo fundi huiweka, mara nyingi usoni pa kipande na katikati ya mzunguko wake. Amri ya G54 huiambia mashine ihesabu kuanzia hapo. Wanaoanza huchanganyikiwa: inakuwaje mahali pamoja pana tarakimu mbili? Lakini hakuna mtu bandarini Bujumbura asiyeishi na jambo hilo kila siku. Meli ikiondoka Kigoma saa nne usiku kwa saa za Tanzania, Bujumbura ni saa tatu usiku, kwa sababu Burundi iko nyuma kwa saa moja. Karani anayeandika kwa Kifaransa ataandika 21, maana yeye anahesabu kuanzia usiku wa manane, na mwenzake wa Kigoma akihesabu vivyo hivyo ataandika 22. Tukio ni moja, tarakimu ni nne, na hakuna anayedanganya. Wametofautiana sifuri tu. Tulipolieleza hivyo, fundi alinyamaza kidogo, akasema kwamba mambo ya saa anayajua tangu utoto, ila hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni jambo lile lile.

La tatu linakaribiana na hilo. Unaweza kutaja mahali kwa jina lake, au kwa umbali kutoka ulipo. Buyenzi, ambako barabara huitwa kwa namba, mtu atakwambia “njoo ya kumi na tatu” au “vuka barabara tatu”. Njia ya kwanza ni G90, ya pili G91. Mashine nyingi za kukereza hutumia herufi U na W kwa hiyo ya pili. Ukikosea mara moja kwa njia ya kwanza, safari inayofuata hukurudisha mahali sahihi. Kwa njia ya pili, kosa moja hubebwa mpaka mwisho.

Wakati tunakutana naye, fundi alikuwa ameingia hatua nyingine: kujifunza programu ya kompyuta ambayo mtu huchora kipande kwenye kioo, akachagua kisu, nayo ikapanga mapito na kuandika amri zote yenyewe. Zipo nyingi, kama vile Mastercam na Fusion. Alidhani amepumzika na uandishi, kumbe sivyo. Ndani ya programu hizo mna sehemu inayogeuza mapito kuwa lahaja ya mashine fulani. Ni mkalimani, na mkalimani aliyezoea mashine nyingine ataandika amri ambazo hii haizielewi, au mbaya zaidi, inazielewa vingine. Na ule mkato ulimfuata mpaka humo. Kompyuta iliyowekwa katika Kifaransa huenda ikaonyesha 50,0 kwenye kioo, na faili likatoka na 50.0. Sasa yeye hulisoma kila faili kwa macho kabla ya kulipeleka mashinani, akitafuta nukta moja baada ya nyingine.

Programu pia hupendekeza kasi, nalo si jambo la kupokelewa tu. Hesabu yake ni hii: zidisha kwa 1000 mita ambazo chuma kinapita mbele ya kisu kwa dakika, ugawe kwa 3.14 mara kipenyo. Kwa mhimili wa chuma laini wenye kipenyo cha milimita 50, na mita 30 kwa dakika kwa kisu cha kawaida, utapata mizunguko kama 190 kwa dakika. Programu ikidhani kisu ni cha aina ngumu zaidi na mashine ni mpya, itatoa tarakimu kubwa mara kadhaa. Hapo sikio la fundi mzee lina kauli kuliko kioo.

Turudi kwenye idara yetu. Tunaiheshimu kazi ya kuunda istilahi ambayo BAKITA imeifanya tangu 1967 na ambayo vyuo vimeiendeleza. Hata hivyo tunaona kwamba katika Kiswahili cha ufundi tumeelemea mno kwenye nomino. Tunaunda jina la kila chombo na kudhani tumefundisha. Fundi yule hakukosa majina. Turu yake inamtosha. Alikosa mtu wa kumwonyesha kwamba sarufi ya mashine ina ndugu zake katika lugha anayoisema. Kwa hiyo muhula huu tumeondoa orodha ya istilahi katika zoezi la mwisho la wanafunzi wa mwaka wa pili. Badala yake kila mmoja atapewa mistari kumi ya amri za mashine aieleze kwa aya ya Kiswahili, na aya hiyo itasomwa na mtu wa karakanani kabla ya kusomwa na sisi.

Jina moja tu lilitushinda tukiwa pale, la ile sifuri ya G54. Wanafunzi walipendekeza “chanzo cha kuratibu”. Fundi alilisikiliza kwa adabu, akageukia mashine na kumwambia kijana wake: “Weka sifuri ya kipande.” Tumeliandika hilo la kwake.