Dhamana Isiyoandikwa Katika Hati

Kijana asiye na dhamana hakopesheki: ndiyo kauli isikikayo mara kwa mara katika ofisi zetu. Twaiheshimu, kwani fedha ya umma ni amana. Hata hivyo, leo twapenda kuwaeleza wasomaji kazi ya mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Jessica Livingston, ambaye kwa miaka mingi alishiriki kuwapa mtaji watu wasio na shamba wala nyumba ya kuweka rehani, na kazi hiyo ikazaa matunda makubwa.

Bibi Livingston, aliyezaliwa mwaka 1971, hakusomea uhandisi. Alihitimu masomo ya fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Bucknell mwaka 1993, na baadaye akashika kazi ya masoko katika benki ya uwekezaji mjini Boston. Mwezi Machi 2005, yeye na wenzake watatu, Paul Graham, Robert Morris na Trevor Blackwell, waliasisi shirika la Y Combinator mjini Cambridge, Massachusetts. Majira ya joto ya mwaka ule walipokea makampuni machanga 8 ya kompyuta. Kila mwanzilishi alipewa kiasi cha dola 6,000, na shirika likachukua hisa za wastani wa asilimia 6.

Waliosoma chuoni hawatauona mpango huu kuwa mgeni sana. Katika mudharaba, mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa mafungu waliyokubaliana, na mali ikipotea bila ya uzembe, hasara humwangukia mwenye mali. Mwenye hisa za kampuni changa naye hadai riba wala hanyang'anyi nyumba ya mtu. Kampuni ikifa, fedha yake imekwenda. Na makampuni mengi ya namna hii hufa.

Basi mwenye kutoa fedha hana budi kumjua anayempa. Hapo ndipo ulipokuwa ustadi wa Bibi Livingston. Wakati wa usaili, wenzake waliokuwa mafundi waliuliza habari za mitambo. Yeye aliwatazama watu. Je, wanaaminiana? Wanasema kweli? Watavumilia siku ya dhiki? Baada ya hapo wanagenzi hao hawakuachwa peke yao, bali walikutanishwa kila wiki kwa chakula cha jioni na mashauri.

Mfano ni Airbnb. Mwaka 2008 waanzilishi wake, wakiwa wamezama katika madeni, waliuza maboksi ya nafaka yenye picha za wagombea urais kwa dola 40 moja ili wapate kuishi. Fikra yao ya kupangisha wageni vyumba majumbani ilionekana dhaifu, lakini uvumilivu wao ulionekana wazi. Mapema mwaka 2009 wakapewa dola 20,000. Mwezi Disemba 2020 kampuni hiyo iliingia soko la hisa, na hata visiwani petu wapo wanaopata wageni kwa njia yake.

Jambo moja latusikitisha. Kwa muda mrefu sifa za kazi hii zilikwenda kwa wanaume, hata mwaka 2015 Bwana Graham, ambaye ni mumewe, akaandika waziwazi kwamba mchango wa mkewe umesahauliwa. Bibi mwenyewe hakukaa kimya kuhusu wanawake wenziwe: mwaka 2014 shirika liliitisha mkutano wa wanawake waanzilishi wa makampuni.

Hatuusifu ubepari, wala hatusemi fedha ya umma itawanywe ovyo. Twasema hivi: mtaji wa mwanzo uwe mdogo, uambatane na usimamizi wa karibu, na katika kamati za kuutoa wawemo akina mama wanaozijua nyumba na tabia za watu. Wahenga walisema mtaji wa masikini ni nguvu zake mwenyewe. Ofisa anayeuliza hati ya nyumba tu hataziona nguvu hizo, na kijana atarudi kwao mikono mitupu. Tunawaomba wahusika wa mikopo ya vijana na wanawake waitazame upya fomu yao, waongeze humo mahali pa kuandika mtu huyu ni nani.