Parkinson: Wakati ubongo unakanyaga freni bila kuachia

Mzee anataka kusimama kutoka kwenye kiti. Anajua anachotaka, na misuli yake ingali na nguvu, lakini mwili unakawia kutii. Mkono unatetemeka hata ukiwa umetulia, hatua zimekuwa fupi. Majirani wanaanza kunong'ona kuhusu uchawi ao sumu.

Madaktari wanauita ugonjwa huu Parkinson. Chanzo chake kiko ndani kabisa ya ubongo, kwenye sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Chembe za hapo hutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo. Kwa mgonjwa, chembe hizo zinakufa polepole. Dalili zinapoonekana, nyingi zimekwisha kufa.

Ubongo una njia mbili za kuongoza mwendo: moja inauruhusu, nyingine inauzuia. Dopamini inaipa nguvu ile ya kwanza na kuituliza ya pili. Ikipungua, freni inashinda. Tena, chembe za ubongo zinaanza kupiga kwa pamoja, mara 13 hadi 30 kwa sekunde, kama kwaya iliyokwama kwenye neno moja. Ujumbe mpya wa kutembea unakosa nafasi.

Mwaka 1957, Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini yao, wakashindwa kusogea. Alipowapa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Alipata tuzo la Nobel mwaka 2000.

Mwaka 1990, watafiti wa Marekani waliharibu sehemu ndogo kwenye njia ya freni ya nyani wenye dalili za Parkinson. Nyani wakaanza tena kutembea. Miaka michache baadaye, huko Grenoble, Ufaransa, kikundi cha Profesa Alim Louis Benabid kilituliza sehemu hiyohiyo kwa wagonjwa, kwa kutumia waya mwembamba wa umeme.

Hakuna njia hata moja kati ya hizi inayorudisha chembe zilizokufa. Lakini levodopa pamoja na karbidopa iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 waliishi na ugonjwa huu.

Kwa hiyo, familia inayoona dalili hizi impeleke mgonjwa hospitalini mapema. Anayetumia dawa asiiache kwa ghafla bila kumuuliza daktari. Mzee huyo hajarogwa, na wala si mvivu: freni ndiyo imemkaza.